Mshenga wa Mfalme

Rafiki yangu aliniomba niwe mshenga wake akiwa na taji kichwani, na mimi nilikubali nikiwa nimepiga magoti mbele yake, namfungua viatu. Ilikuwa Jumapili, kati ya onyesho la mchana na la jioni. Nilisema, "Sawa, nitakwenda." Tangu siku ile nimepata muda mwingi wa kutafuta maneno mengine ambayo ningeweza kuyasema pale, na nimeyapata mengi. Ningesema, "Tafuta mtu mwingine." Ningesema, "Ngoja nifikirie." Hata kukohoa kungetosha. Lakini nilisema nitakwenda.

Taji lenyewe lilikuwa la plastiki iliyopakwa rangi ya dhahabu. Tulikuwa tunafanya kazi Downsview, mtaa wa Toronto, katikati ya maghala, kwenye jengo ambalo kwa nje ungedhani nalo ni ghala. Ndani kulikuwa na uwanja wa mchanga na viti vimeuzunguka, na watu walilipa kiingilio ili wale kuku kwa mikono huku wakiwatazama mashujaa wa farasi wa Ulaya ya kale wakishambuliana kwa mikuki. Vijana walivaa chapeo na dirii na kushika ngao. Vitu hivyo nilivijua majina yake utotoni, kanisani, kwenye waraka kwa Waefeso, miaka mingi kabla sijavigusa. Sikudhani kwamba uzeeni vingenipa mshahara, tena katika nchi ya theluji.

Kazi yangu ilikuwa kuwavalisha. Unaanza miguuni unapanda juu, kwa sababu kijana akishavaa ya kifuani hawezi tena kuinama. Mkanda wa begani ndio wenye kazi. Ukilegea, pigo la mkuki linahama kwenye bati linakwenda kwenye mfupa. Vijana wale, wengi wao wanafunzi wa chuo waliohitaji kibarua, waliniita babu, na walisimama kimya nikiwafunga kama watoto wanaopelekwa shule.

Rafiki yangu alikuwa mfalme. Alianza jikoni akibeba masinia, mpaka siku moja msimamizi alipomsikia akimwita mtu kutoka upande wa pili wa maegesho. Sauti ile, na ndevu zile nyeupe! Wakampa joho na kiti cha enzi. Akisahau maneno yake ya Kiingereza aliendelea kwa Kiswahili, tena kwa hasira, na watu walipiga makofi wakidhani ni Kilatini. Kuna siku aliinua fimbo yake na kuamuru, kwa sauti ya radi, kwamba mtu yeyote asiguse maharage yake yaliyoko kwenye friji ya wafanyakazi. Ukumbi mzima ulisimama na kumshangilia. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nimeegemea farasi, machozi yananitoka kwa kicheko.

Tulisoma naye sekondari moja, Moshi. Yeye ndiye aliyetangulia kuja Kanada, na nilipofika baada ya kufiwa na mke wangu, ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege akiwa amenishikia koti la baridi. Nililala kwake majira yote ya baridi ya kwanza. Nilipochoka na kazi ya kupakia mizigo ya ndege kule Malton, ndiye aliyeniombea nafasi ya kuvalisha. Nayataja haya kwa sababu niliyabeba moyoni kama kiapo. Hakuna aliyeniapisha. Nilijiapisha mwenyewe.

Na hadithi ya onyesho ilinisaidia kujidanganya. Mfalme anamtuma shujaa wake aende kwenye ngome ya mbali akamposee bibi mmoja. Shujaa anafika, anampenda bibi yule, na bibi anampenda yeye. Lakini anakaa kimya kwa ajili ya mfalme wake, anamleta bibi, anamkabidhi, kisha anapanda farasi na kwenda vitani. Msimulizi alikuwa akisema kwamba huo ndio uungwana wa kale, kumtumikia mwanamke bila kumdai kitu. Nilisikia maneno hayo mara nyingi mpaka yakaniingia. Niliazima hata kitabu maktaba. Kilieleza kwamba wengi wa mashujaa walioimba nyimbo za mapenzi walikuwa watu wasio na shamba wala nyumba, waliokula kwenye meza ya bwana mwingine, na kwamba nyimbo zenyewe ziliimbwa mezani pale pale kwa bwana. Nilikisoma kitabu chote, lakini ukurasa huo nikaupita haraka.

Sasa nimtaje yeye. Alikuwa Mkenya, mjane, akifanya kazi ya kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee Scarborough. Tulisali pamoja katika kanisa letu la Kiswahili lililokodi ukumbi wa shule kila Jumapili asubuhi, na baada ya ibada alisimamia chai. Alikuwa mtu wa kusema. Mimi nikifika na kikombe changu nilisema, "Naomba chai, dada, kama haitakusumbua."

"Nyinyi Watanzania," alisema, "mnaomba sukari kama mnaomba msamaha. Shika kikombe. Ongea kama mtu mwenye njaa!"

Nilianza kuvaa tai kanisani. Nilianza kupanda basi la barabara ya Finch mapema ili nifike wakati wa kupanga viti, kwa sababu na yeye alifika wakati huo. Tulipanga viti na kubishana. Alinieleza habari za wazee anaowaogesha, nami nikamweleza za vijana ninaowavalisha, akasema, "Basi kazi zetu ni moja, ila wangu hawapigani." Nilicheka siku nzima. Kama hayo hayakuwa mapenzi, sijui mtu wa umri wangu angeyaita nini. Lakini sikuwahi kuyatamka.

Jumamosi moja wanawake wa kanisa walikuja kutazama onyesho. Rafiki yangu aliwatafutia viti vya mbele. Kulikuwa na desturi pale, iliyoigwa kutoka enzi zile: kabla ya pambano mashujaa wanapita na farasi karibu na uzio, na mwanamke anayependa anampa mmoja wao kitambaa akifunge kwenye mkuki, kama kusema, pigana kwa jina langu. Mimi nilikuwa natembea nyuma ya kijana wa dirii nyekundu, yule aliyeigiza shujaa wa mfalme, nikiwa nimebeba mkuki wa akiba. Kijana akanyoosha mkuki wake kwa wanawake wetu. Yule Mkenya akavua skafu yake ya kijani, akainama juu ya uzio, akaipitisha mbele ya kijana kama hamwoni.

"Si wewe, mwanangu," alisema kwa Kiswahili. "Huyo mzee hapo nyuma."

Nikaipokea. Wanawake wakapiga vigelegele. Mkuki nilikuwa nao mkononi. Ningeifunga pale na mambo yangekwisha kwa kicheko chema. Badala yake niliona haya. Tarumbeta ilikuwa inalia, kazi ilikuwa inaningoja, basi nikaifunga skafu ile kwenye mkuki wa kijana.

"We Mtanzania!" alipiga kelele. "Nimekupa wewe!"

Nilipoinua macho nilimwona mfalme kwenye kiti chake. Alikuwa anatutazama, hacheki.

Kijana yule aliangushwa, na skafu ikakanyagwa na farasi. Niliifua, nikaipiga pasi, nikamrudishia Jumapili iliyofuata ikiwa kwenye mfuko safi. Aliifungua akaitazama.

"Umeipiga pasi hata."

"Ndiyo, dada."

"Pasi tu?"

"Na sabuni ile ya maji, yenye harufu nzuri."

Akaikunja tena taratibu. Kisha akaniuliza habari ya mchezo. "Yule kijana mwekundu, si angesema tu? Nani alimshona mdomo?"

"Ameapa kwa mfalme wake."

"Na yule mama, yeye ameapa kwa nani? Mbona hakuna anayemuuliza?"

Nilisema ni hadithi tu ya Wazungu wa zamani. Akaenda kuosha vikombe.

Baada ya hapo, sikumbuki vizuri ni Jumapili ngapi zilipita, ndipo ikaja ile siku ya viatu. Mfalme alikuwa amekaa kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, anakula ubawa wa kuku.

"Kaka," akasema, "nataka kuoa."

"Malkia gani huyo?"

"Usinicheke. Yule Mkenya wa pale kanisani. Mwenye skafu."

Mikono yangu ilisimama kwenye kamba za kiatu.

"Umenyamaza," akasema.

"Kamba imekaza."

"Kama una neno naye, sema sasa. Mimi na wewe hatufichani."

Hapo alinipa mlango, nami siwezi kukana. Lakini nilikumbuka lile koti la baridi mkononi mwake. Nikakumbuka na kijana mwekundu anavyopanda farasi wake huku ukumbi ukilia. Nikajiona mkubwa. "Sina neno," nikasema.

"Basi uwe mshenga wangu. Wewe una adabu. Mimi nikienda mwenyewe nitapayuka."

Ndipo nikasema nitakwenda.

Yule Mkenya alikuwa na kaka yake mkubwa aliyeishi Malton, na kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkubwa wa familia upande huu wa dunia, posa ilipelekwa kwake. Hatukuandika barua; wote tulikuwa watu wazima. Nilivaa suti yangu ya pekee nikabadilisha mabasi na kikapu cha matunda mapajani, chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu imenipaka viatu weupe. Msomaji wa kwetu anajua, lakini nitasema kwa ajili ya vijana waliokulia huku: mshenga akishaingia nyumba ya watu kwa haja ya mwenzake, hawezi tena kurudi kwenye mlango ule kwa haja yake. Anakuwa kama mzazi wa ndoa ile. Wakigombana ndiye anayeitwa. Mwanamke aliyemposea mwingine ni shemeji yake mpaka kaburini, hata ndoa ikivunjika. Akigeuka amtake yeye, ni aibu ambayo hakuna atakayeisahau, Moshi wala Toronto.

Yeye ndiye aliyenifungulia mlango, amevaa ile skafu ya kijani. Aliona suti, akaona kikapu, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo sijawahi kuiona tena kwa mtu yeyote. Nilidhani amefurahi kuona mgeni.

"Karibu," akasema kwa sauti ndogo. "Umekuja kweli."

Tukakaa. Kaka yake akaagiza chai na kunitania. "Haya mgeni, suti hiyo ni ya harusi au ya msiba?" Nikasimama, nikasema maneno niliyoyaandaa njiani: kwamba nimetumwa na mwenzangu, kwamba nyumba yake ina kila kitu ila haina mwenyewe, kwamba anaomba aoneshwe mlango. Nikataja jina la rafiki yangu.

Kaka mtu alifurahi, maana nani asiyemjua mfalme? Yeye aliivua skafu, akaiweka juu ya mkono wa kochi. Kisha akaniangalia.

"Nataka kumuuliza mshenga neno moja. Wewe mwenyewe unaonaje? Unanishauri niolewe naye?"

Kaka yake akacheka. "Sasa mshenga atasema nini, dada? Atasema hapana?"

"Sijakuuliza wewe. Nimemuuliza yeye."

Nilisikia jokofu likinguruma jikoni. Nikamjibu kwa adabu zangu zote: "Ni mtu mwema. Ningekuwa na dada, ningempa."

"Vizuri," akasema. "Mwambie nimekubali."

Harusi ilikuwa nzuri, pilau lilitosha. Nilikaa meza ya mbele, mahali pa mshenga, na watu walinipongeza kwa kazi safi. Bi harusi alipita kusalimia meza kwa meza, na alipofika kwangu akanipa mkono. "Asante, shemeji," akasema. Mara zote alizokuwa akiniita Mtanzania kwa dharau nilikuwa nafurahi. Siku ile aliniita kwa heshima kamili, na chakula kikanishinda.

Nikakaa hivyo miaka. Niliendelea kumfunga rafiki yangu viatu vya kifalme. Niliendelea kunywa chai iliyomiminwa na yeye, ambaye sasa alinipa kikombe bila neno. Nilijiambia kwamba naumia kwa heshima. Kuna utamu fulani katika kuumia namna hiyo, na mtu anaweza kuishi nao kama anavyoishi na pombe.

Kisha magoti ya mfalme yakachoka, akastaafu. Kanisa lilimwandalia chakula baada ya ibada. Watoto walimkatia taji la karatasi. Akasimama kuhutubia, amechangamka, na mkewe alikuwa kwenye meza ya chakula akipakulia watu.

"Mnamwona huyu?" akasema akinionesha mimi. "Huyu ndiye mshenga wangu. Sasa niwape siri, sote tumeshazeeka, haina madhara tena. Huyu mke wangu alinifuata mimi kwanza. Mnajua aliniuliza nini? Eti, 'Huyo rafiki yako ana mtu? Hebu niulizie kama angenitaka.' Huyu! Mvalishaji!"

Watu wakaanza kucheka.

"Nikamwambia, 'Ngoja nimuulize.' Nami si mwongo, nikaenda nikamuuliza kweli. Nikamuuliza kama atakwenda kuniposea!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mtu mmoja akapaza sauti, "Mfalme ni mfalme!" Mwingine akasema, "Umemfunga goli mshenga wako!"

"Maana nilijua," akaendelea, akijifuta machozi ya kicheko, "akishaingia mlango ule kwa ajili yangu, hawezi kurudi kwa ajili yake. Na nilimjua huyu ndugu yangu. Nikimwambia 'kama una neno sema,' atasema hana. Tangu sekondari yuko hivyo!"

Nilimtazama mkewe. Upawa ulikuwa umesimama juu ya sahani ya mtu, pilau linadondoka mezani. Mwenye sahani akasema, "Dada, dada, inatosha." Akauweka upawa chini akaenda kuvaa koti lake.

Nilimkuta kituo cha basi. Theluji ilikuwa nyepesi, ile isiyolala chini. Hakugeuka.

"Kwa hiyo hakukuambia," akasema.

"Hakuniambia."

"Mimi nilidhani umeambiwa. Nilipokuona na suti nikajua umekuja kunijibu. Halafu ukataja jina lake. Nikasema, kumbe huyu hanitaki, na adabu zake zimemzuia kunikataa, basi ameamua kunigawa."

"Sikujua. Nakuapia, sikujua."

"Nakuamini. Yeye alinidanganya, na hilo ni langu, nitalimaliza nyumbani kwangu." Sasa akanigeukia. "Lakini sikuishia kwake. Wewe nilikuuliza kwa mdomo wangu, mbele ya kaka yangu. Nilikuuliza, wewe mwenyewe unaonaje? Kuna mtu alikufunga mdomo siku ile?"

"Nilidhani nafanya uungwana."

"Kwa nani?"

Basi likaja likafungua mlango.

"Nenda ndani, shemeji," akasema. "Baridi."

Kabla ya kiangazi alikuwa ameondoka. Alikwenda Calgary, mbali magharibi mwa nchi, kuishi na binti yake, na hakunipa namba. Baada ya muda rafiki yangu akanipigia simu. Hakuomba radhi. Alisema, "Mshenga, umeona mambo? Njoo tumpigie pamoja, uzungumze naye. Hiyo ni kazi yako kwa desturi. Wewe ndiye uliyesimama kwa ajili yangu."

Nikamwambia, "Sitakwenda." Lilikuwa neno rahisi kabisa. Lilitoka kama pumzi. Alidhani hajasikia vizuri, nami nikalirudia, kisha nikakata simu. Hatujasalimiana tangu hapo, ingawa tunaishi mtaa mmoja na wakati mwingine namwona dukani akichagua ndizi, amevaa kofia ya sufu.

Kwa muda mrefu nilitaka kusimulia habari hii kama habari ya usaliti, na kweli nilisalitiwa. Rafiki niliyemwamini kuliko ndugu alichukua ujumbe uliokuwa wangu akaufanya ngazi yake, na akanituma nikaufunge mlango wangu kwa mkono wangu mwenyewe. Sijamsamehe. Lakini hila ile ilihitaji mtu wa kuinyamazia, na mtu huyo alikuwa mimi. Rafiki yangu alijua kwamba nitanyamaza. Mara tatu nilipewa nafasi, kwenye uzio, kwenye benchi, na pale Malton sebuleni, na mara zote nilichagua kuonekana mwema.

Uamuzi ule wa kusema "nitakwenda" ulinigharimu mwanamke aliyekuwa ameshanichagua. Uligharimu na miaka yake yeye, aliyoishi akiamini kwamba nimemkataa. Rafiki yangu wa pekee hapa sina tena. Naishi peke yangu kwenye chumba kimoja Downsview, na sina haki, kwa desturi zetu wala kwa haki yoyote ninayoijua, ya kumpigia simu Calgary nimwambie kwamba nilimpenda.